Ndala Kwenye Kabati la Mama

Kwetu sebuleni kuna kabati la vioo. Vioo vyake nimevikata mimi mwenyewe, ila ndani yake mimi sikuwemo.

Rafu ya juu yupo dada Debora kavaa joho, siku aliyohitimu unesi, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Rafu ya kati yupo kaka Benedikto, cheti chake cha ualimu kwenye fremu inayong'aa, pembeni kombe alilopewa na wanafunzi wake. Rafu ya chini ni vikombe vya wageni ambavyo tangu nizaliwe sijaona mgeni akivinywea. Basi, kabati limeisha. Mimi Jerome, mtoto wa mwisho, shule niliachia kidato cha pili. Nimeendesha bodaboda, nimepakia korosho, nimekuwa utingo wa lori, sasa hivi nakata vioo kwa fundi mmoja hapa Lindi mjini, na kesho sijui nitakuwa wapi. Mtu wa namna hiyo utamwekea nini kabatini? Spana?

Sikuwa nalalamika. Ila kochi letu limeelekea kabati. Ukila ugali wako pale, Debora na Benedikto wanakutazama mdomoni.

Sasa, parokiani kwetu kila mwaka watu wanatembea kwa miguu kwenda pango la Bikira Maria, huko bara, unapita Mnazi Mmoja, unapita Mtama, unaendelea mpaka unasahau ulikotoka. Mama alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda. Siku zikakaribia, goti likavimba kama fenesi. Akaniita.

"Utakwenda wewe."

"Mimi? Mama, mimi hata misa ya Jumapili unanitoa kitandani kwa maji."

"Sijakuuliza kuhusu misa. Miguu unayo au huna?"

Miguu ninayo. Kazini nako vioo vilikuwa havijafika kutoka Dar, nilikuwa nakaa tu. Nikavaa ndala zangu za bluu nikaenda. Nikafika, nikasali kidogo kwa niaba ya goti, nikarudi. Watu wakiniuliza ilikuwaje nawajibu, "Mbali." Si mtu wa kusimulia mimi.

Niliporudi nilizivua zile ndala nikazitupa shimo la takataka nyuma ya nyumba. Zilikuwa zimekwisha. Kesho yake asubuhi namkuta Mama kashika fimbo ndefu, anazivua shimoni kama anavua pweza.

"Nani katupa hizi?"

"Mwenye nazo."

"Huna akili, Jerome. Mtu katembea hija nzima na ndala hizi, halafu azitupe na maganda ya mihogo? Hiki ni kitu cha kuwekwa."

Nikajua anatania. Jioni nikakuta vikombe vya wageni vimehamishiwa jikoni na rafu ya chini iko wazi. Akanituma kazini nikakate kioo kipya cha kuweka pale, maana kile cha zamani kilikuwa na mkwaruzo. Nikamwambia Mama unanitia aibu, watu watasema tumechanganyikiwa. Nikasema hivyo, lakini kingo za kioo kile nilizisugua kwa jiwe mpaka ukipitisha ulimi haukukati. Kioo cha mteja hata siku moja sijakisugua vile.

Kuhifadhi ndala nako kumbe ni kazi. Mama alikataa zisioshwe. Alisema ule udongo mwekundu wa bara uliogandia chini ndiyo hija yenyewe, ukiuosha umebaki na plastiki. Udongo ukidondoka kwenye kioo anaukusanya kwa kipande cha karatasi na kuurudisha kwenye ndala. Akaweka vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende, sebule nzima ikawa inanuka kama sanduku la bibi harusi. Akafunga kabati kwa ufunguo, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Jirani yetu Bi Mwanaima, ambaye ameshakwenda Maka, alikuja kuazima ungo akasimama mbele ya kabati muda mrefu.

"Mama Debora, hizi ni ndala au macho yangu?"

"Ndala za hija hizo, shoga yangu. Wewe uliporudi Maka si ulileta vitu?"

"Nilileta, nikagawa. Zamzam nimegawa, tende nimegawa, tasbihi nimegawa, mpaka mswaki umeombwa. Nimebaki na sala zangu tu."

"Basi hizi za Jerome hazigawiki."

"Kweli. Nani atazitaka?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikatoka nje, ila nilikuwa nacheka pia.

Tangu hapo Mama akawa na kazi mpya. Kila mgeni akiingia, hata muuza mkaa, anapelekwa kabatini. Na Mama haonyeshi ndala zote sawa. Ana moja anayoipenda, ya kulia. "Tazama hapa kwenye kidole gumba. Unaona kulivyochimbika? Shimo la kuweka yai la njiwa! Mtoto kakanyaga mpaka ndala imebonyea. Huku kakaza kupanda, huku kakaza kushuka. Na wanasema Jerome hana uvumilivu." Halafu anamwangalia mgeni mpaka mgeni akubali. Kama nipo, najifanya nasoma simu. Kusema kweli nilikuwa nasikiliza kila neno. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sikumbuki Mama kuwahi kuniita mvumilivu.

Ikaja Jumamosi ya jumuiya kusali kwetu. Jumuiya yetu inasali nyumba kwa nyumba, na safari hii zamu ilikuwa ya nyumba yetu, hapa mtaa wa Mtanda. Mama akafagia mara mbili. Akapika maandazi na chai ya maziwa, vikombe vya wageni vikatoka jikoni vikatumika kwa mara ya kwanza. Mama Brigita, mwenyekiti wa jumuiya, akafika na kitabu chake cha nyimbo. Wakaja na wengine, sebule ikajaa mpaka mlangoni.

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Klementi. Huyu ni Mngoni wa Songea, zamani dereva wa malori, amekaa Lindi mpaka amezeeka. Sisi ni Wamwera, kwa hiyo yeye ni mtani wetu, na utani anaujua kuliko sala. Siku tunamzika babu alishuka akalala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Akapewa. Kwenye hija tulitembea naye, aliimba njia nzima, ila tuliporudi tu akaenda Songea msibani na huko akakaa. Alikuwa hajawahi kuliona kabati.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Mmwera. Mmeshapika au mnasubiri Wangoni waje kuwafundisha?"

Rozari ikasaliwa, watu wakapewa chai. Mama akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, nikajua sasa hotuba inaanza. Akaanza na skafu ya hija niliyorudi nayo, akapita kwenye chupa ya maji ya pangoni niliyomletea, akafika kwenye ndala. "Sasa hii ya kulia ndiyo niliyotaka mwone. Hapa kwenye kidole gumba..."

"Mama Debora," Mzee Klementi akaweka kikombe chini. "Hebu rudia. Kidole cha nani?"

"Cha Jerome."

"Hicho kidole ni changu."

Sebule ikalipuka. Mama Brigita alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Mtani umeanza!" Mama akasema.

"Sijaanza kitu. Ndala ya kulia hiyo ni yangu."

"Jamani Wangoni!" Mama Brigita akapiga makofi. "Kaburi walilitaka, jogoo wamekula, sasa wanataka na ndala! Mlituibia wanawake hamkutosheka?"

"Wanawake wenu tuliwarudisha. Walikuwa wanaongea sana."

"Mwongo! Mliwarudisha kwa sababu waliwashinda kutembea."

"Mngoni umwambie kutembea? Babu zangu walitoka Afrika Kusini kwa miguu, peku, wakafika hapa wakawakuta mmejificha mapangoni. Leo nishindwe na Mtama?" Halafu akanyoosha mguu wake wa kulia katikati ya sebule. "Tazameni. Hiki kidole kiliangukiwa na jeki nikiwa na lori. Kimelala upande, kinachimba. Kila ndala ninayovaa inachimbika hapo hapo."

"Kidole chenyewe umekiiba!" mtu akasema mlangoni, na watu wakacheka upya.

"Naapa, jamani."

"Mtani haapi!"

"Mimi nilirudi na ndala ya kulia ya mtu mwingine. Ilikuwa imeungua pembeni, upande wa ndani, kama imepigwa pasi. Nikajiuliza ni Mmwera gani huyu anapiga pasi ndala."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama mwenyewe alikuwa anajifuta machozi. Mimi peke yangu ndiye niliyeacha kucheka.

Maana ndala yangu ya kulia iliungua. Iliungua na ekzosi ya pikipiki, enzi zile za bodaboda, nilipoegesha mguu vibaya. Alama nyeusi, imekunjamana, upande wa ndani. Hakuna aliyekuwa anaijua zaidi yangu. Nikaangalia kwenye kioo nilichokisugua mwenyewe. Ndala ya kulia ilikuwa safi pembeni, haijaungua popote, na siku zote hizo sikuwahi kuikagua.

Nikajua palepale ilikuwaje. Tulilala kwenye darasa la shule moja ya msingi, upande huu wa Mtama, ndala za watu wote zimerundikwa mlangoni kama mzigo wa dagaa. Alfajiri kengele ikagongwa giza bado halijatoka, kila mtu akachomeka miguu akaingia njiani. Bluu na bluu. Toka hapo mguu wa kulia ulinisumbua mpaka pangoni na kurudi, nikawa nailaumu barabara. Kumbe nilikuwa natembea kwenye kidole cha Mngoni.

Sasa sikia. Ningenyamaza, mambo yalikuwa yamekwisha. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mtani, siku ukisema kweli hakuna wa kukuamini. Watu wangemaliza chai, wangekwenda zao, na mimi ningebaki kwenye rafu yangu, mvumilivu mwenye shimo la yai la njiwa. Na Mama angeendelea kunitaja kwa wauza mkaa. Nilivitaka hivyo vitu. Sidanganyi, nilivitaka sana.

Lakini Mzee Klementi alikuwa amerudisha mguu wake. Akachukua kikombe, akasema, "Haya basi. Ya Jerome," na safari hii hakuna aliyecheka kwa sababu alisema kwa sauti ndogo. Mzee yule nilimwona njiani. Nilimwona akichechemea anapanda, na anaimba. Kile kidole alikitembeza kweli.

"Mama," nikasema. "Ni yake."

"Jerome, wewe mdogo, usiingilie utani wa wakubwa."

"Sitanii. Ndala iliyoungua ndiyo yangu, imeungua na ekzosi. Hiyo ya kulia si yangu. Siku zote hizi unawaonyesha watu kidole cha Mngoni."

Nilisema vilevile kama nilivyoandika, sijui kulainisha. Mtu mmoja alicheka halafu akakatisha. Mama alinitazama, akatazama kabati, akanitazama tena. Halafu akafungua pindo la kanga polepole, akatoa ufunguo, akafungua kioo, akaitoa ndala ya kulia. Akampa Mzee Klementi kwa mikono miwili, kama anampa sahani ya chakula.

Mzee akaitupa chini, akachomeka mguu. Kidole kikaingia shimoni bila kutafuta.

"Aaah," akasema, amefumba macho. "Nyumbani."

Sebule ikacheka, ila si kama mwanzo. Walikuwa wanamwangalia Mama.

"Na ya mwanangu iko wapi?" Mama akauliza. "Iliyoungua?"

Mzee akakuna kichwa. "Hapo sasa, mtani. Nilikwenda nayo Songea msibani. Msiba mkubwa, watu wengi, ndala zimejaa mlangoni. Kutoka nje..." Akanyanyua ndala ya kulia aliyokuja nayo, ya kijani, imeliwa kisigino. "Nikaikuta hii."

"Umeipoteza?"

"Haijapotea. Ipo Songea, kuna mtu anatembea nayo."

Bi Mwanaima, aliyekuwa ameleta sukari na kusimama dirishani kusikiliza, alipiga kelele, "Si ulisema hazigawiki! Imejigawa yenyewe!" Hapo hata Mama Brigita alikaa chini sakafuni.

Mama hakucheka. Akaingiza mkono kabatini akatoa ndala iliyobaki, ya kushoto. Akaishika mbali na uso.

"Na hii? Una hakika? Isije ikawa ya Mmakonde."

"Hiyo yangu. Igeuze chini, utaona kizibo cha soda."

Akaigeuza. Kipo, kimebanwa na waya chini ya kamba ya mbele.

"Hiki kimefikaje hapa?"

"Kamba ilichomoka Mnazi Mmoja. Nikakaa kwa fundi baiskeli, hakuwa na kamba, akatafuta kizibo chini ya benchi akakitoboa kwa msumari. Wenzangu walikuwa wameshaondoka. Nikawakimbilia mpaka nikawapata."

"Mbona hukunisimulia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unasimulia wewe."

Mama Brigita akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini. Nikafikiri sasa ninakula kofi mbele ya jumuiya nzima. Mama akavuta kigoda akakaa, goti limenyooshwa mbele, ndala mapajani.

"Haya. Simulia."

Mimi si msimuliaji, nimeshasema. Nikaanza hovyo. Nikawaambia malengelenge yalivyopasuka, na yule mama wa Kiislamu njiani aliyetutolea ndoo ya maji akasema tumwombee na yeye. Nikawaambia Mzee Klementi alivyokuwa anaimba ubeti mmoja huohuo mpaka katekista akamwomba apumzike. Halafu nikafika Mtama, ambako sikutaka kufika.

"Pale Mtama nilichoka. Basi likasimama, konda anaita Lindi, Lindi. Nikasema mimi basi, narudi, nani ataniuliza. Nikakanyaga ngazi ya basi."

"Ukapanda?"

"Nilikanyaga, mguu mmoja. Konda kashanishika mkono ananivuta. Nikafikiria nitaingiaje humu ndani, wewe umekaa na goti lako, unaniuliza umesalije. Nikaushusha mguu. Konda alinitukana."

Mama aliangalia ile ndala, kizibo, waya, udongo.

"Ulikanyaga na mguu upi?"

Nikakumbuka. Mlango wa basi, mkono wa konda, begi begani. "Wa kushoto."

"Huu hapa?"

"Huo hapo."

Sijui ni nani aliyeanza kigelegele. Nafikiri ni Bi Mwanaima, dirishani. Kilikwenda mpaka kwa jirani wa tatu, kuku wakakimbia. Mama alisimama bila kushika goti, akapangusa kioo kwa pindo la kanga, akaiweka ndala ya kushoto peke yake katikati ya rafu. Akaisogeza kidogo. Akaigeuza ubavu ili kizibo kionekane. Halafu akarudi nyuma kuitazama, na akasema, si kwangu, kwa watu wote, "Mwanangu huyu alishuka kwenye basi."

Basi, nikatoka nje kuangalia kuku. Vumbi liliniingia machoni, Lindi ina vumbi sana.

Niliporudi watu walikuwa wanaaga. Mzee Klementi kavaa bluu mbili zake zilizokutana, ile ya kijani kaishika mkononi, anasema atairudisha Songea mwenyewe ikibidi kwa miguu. Alipofika mbele ya kabati akasimama. Akainamisha kichwa, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Mama Debora."

"Nini tena?"

"Hii ya kushoto nayo. Hebu nifungulie niione vizuri."

"Toka!" Mama akashika ufagio. "Toka nyumbani kwangu, mwizi wa ng'ombe wewe!"

Na mzee wa watu, na kidole chake, akatoka mbio.